Moto Usioonekana

Pamela alikuwa mwalimu wa umeme katika chuo kimoja cha ufundi mjini Moshi, na mafundi wengi wa mji huo walipitia mikononi mwake. Lakini habari za gesi ya haidrojeni alizijua za vitabuni tu. Basi Nikunj, mwenye kiwanda cha mafuta ya kupikia njia ya kwenda Bomang'ombe, alipofunga mtambo wa kupasua maji kwa umeme wa jua ili ajipatie haidrojeni ya kugandishia mafuta, akakubaliana na chuo kwamba vijana wajifunzie kwake. Aliyetangulia kujifunza ni Pamela. Muhula mzima alivaa ovaroli akafundishwa na Khyati, binti wa Nikunj, injinia ambaye Pamela kwa umri angeweza kumzaa. Hakuona haya. Asichokijua alikiuliza, na akijibiwa nusu aliuliza tena.

Kisha akawaleta wanafunzi. Siku zilikwenda vizuri mpaka alasiri moja kengele ya hatari ilipolia. Wote waligeuka kutazama mabomba. Jua lilikuwa kali, na pale kwenye mabomba hapakuwa na moshi wala mwali.

"Kengele mbovu hiyo, Mwalimu," alisema Filemon, kijana wa Kibosho, akapiga hatua mbele.

Pamela alimdaka ukosi akamvuta nyuma, karibu wote wawili waanguke. Akachukua ufagio wa mpini mrefu uliokuwa ukutani, akaunyoosha taratibu kuelekea bomba. Kwenye hewa iliyoonekana tupu, ncha ya ufagio ikashika moto; haidrojeni ilikuwa ikiwaka, na mwali wake hauonekani juani.

"Tokeni nje! Wote!"

Khyati alikwisha kubonyeza swichi ya kufunga gesi. Hakuna aliyeungua. Pamela alipofika uani alikaa kwenye ngazi na ufagio ulioungua mkononi.

Jioni ile Nikunj aliwaita Pamela na Khyati ofisini.

"Mwalimu, basi," alisema. "Warudishe darasani. Mtoto wa mtu akiungua hapa nitawaambia nini wazazi wake?"

"Mzee, darasani nitawaonyesha nini? Moto ule hauchoreki ubaoni."

"Hata hivyo."

Khyati alikuwa amesimama dirishani. "Baba, kiungio cha bomba kililegea, na aliyekikaza ni mimi. Nilikuwa na haraka. Wanafunzi wasingekuwepo, moto ungewaka vilevile, na watu wetu wangeusogelea kama alivyotaka kufanya yule kijana. Hakuna aliyewafundisha."

Nikunj alimtazama binti yake, kisha Pamela.

"Hao watu wetu, utaweza kuwafundisha pamoja na wanafunzi wako?"

"Nitaweza. Ila usalama kwanza, na mtambo usiwashwe mpaka niridhike."

"Na Khyati akisema uwashwe?"

"Nitamkatalia."

Khyati alicheka. Nikunj hakucheka, lakini alikubali.

Filemon hakurudi chuoni. Jumapili, baada ya misa, Pamela alipanda Kibosho kumtafuta. Salvina, mama wa kijana, alimkaribisha akamwita mwanawe kutoka shambani, alikokuwa akipunguza matawi ya kahawa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wenzako wanakuulizia."

Filemon alichezea kisu cha kupogolea. "Moto ninaouona naweza kuukimbia," alisema. "Ule siuwezi. Usiku nikifumba macho nauona ufagio."

Pamela alikuwa amekuja na maneno mengi, lakini aliyaacha. Yeye mwenyewe alikuwa akiuota. "Umeme wa majumbani je?"

"Huo nautaka."

"Basi nitakuhamishia huko. Njoo wiki ijayo."

Salvina alimfungia mkungu wa ndizi, akamsindikiza mpaka kwenye mfereji.

Masomo yalianza upya kiwandani. Wafanyakazi wa zamani walikaa nyuma, wengine wamekunja mikono kwa kutoridhika, wanafunzi mbele. Somo la kwanza halikugusa mtambo kabisa. Pamela aliwatoa wote nje, akawafundisha namna ya kusimama, kusikiliza, na kutoamini macho yao.