Adei Hakuliwa na Vita

Mwaka wa 1939, Wazungu walipoanza kupigana huko kwao, watu wa Mwingi walidhani hayo ni mambo ya mbali. Wapi! Muda si muda malori ya jeshi yakawa yanatimua vumbi kwenye barabara ya Garissa, na askari wanazunguka wakichukua ng'ombe wa kulisha wanajeshi. Vita hivyo vilikuwa na tumbo kubwa.

Aftin, Msomali mfanyabiashara wa mifugo, alilazimishwa kuswaga kundi lake mwenyewe hadi kaskazini. Alibakiza ng'ombe mmoja tu wa maziwa, Adei, akampeleka kwa jirani yake Mkamba, Nzioka, amfiche kati ya ng'ombe wake. Nzioka hakuwa mtu baki. Walikuwa wamekula kiapo cha undugu, na mbuzi wa kiapo alichinjwa na Aftin mwenyewe, kwa kuwa ni Mwislamu, ili naye aweze kumla. Isnino, binti Aftin, alimwita Nzioka adeer, vile alivyowaita ndugu za baba yake.

Kila asubuhi Isnino alikwenda kwa Nzioka kuchukua maziwa ya Bile, mdogo wake mchanga, maana mama yao alishikwa na homa hata maziwa yakamkauka. Siku moja Nzioka akamwekea mkono begani. "Pole, mwanangu. Askari walikuja wakachukua Adei. Vita imekula yeye."

Muthoki, binti Nzioka na rafiki wa Isnino wa kufa kuzikana, akamkumbatia. Walilia pamoja, tena kwa sauti.

Bile akaanza kunyweshwa uji mwepesi. Akakonda, shingo ikawa kama ya kifaranga.

Kiangazi hicho, Aftin akiwa bado hajarudi, mifugo ilinyweshwa mtoni, kwenye visima vilivyochimbwa mchangani, kila kundi kwa zamu. Isnino alikuwa akiteka maji huku akiimba wimbo wa Kisomali wa kunyweshea, ule ambao baba yake aliwaimbia ng'ombe wake tangu wakiwa ndama. Katika kundi la Nzioka ng'ombe mmoja akainua kichwa. Akavuka mchanga, akaja kutia pua mkononi mwa Isnino. Masikio yake yalikuwa yamekatwa alama ya ukoo wa Nzioka, na kidonda hakijapona. Mjanja Nzioka aliyakumbuka masikio, wimbo akausahau.

"Huyu ni Adei!" Isnino akapiga kelele.

Nzioka akacheka. "Ng'ombe ikiwa na kiu inafuata maji yoyote."

Mzee Mutiso, msimamizi wa visima, hakuridhika. Akamwita Muthoki mbele ya watu wote. "Mtoto hajui kudanganya. Hii ng'ombe ni ya nani?"

Isnino akatabasamu. Aliona mambo yamekwisha. Muthoki akamtazama baba yake, kisha akainamisha macho.

"Ni yetu," akasema. "Ilizaliwa kwetu."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, ila hawakusema kinauma kiasi gani. Isnino aliumia kuliko siku ile aliyoambiwa Adei ameliwa.

Jioni Muthoki alikuja na kibuyu cha maziwa amekificha chini ya shuka. "Baba hajui," akanong'ona. "Chukua, ni ya mtoto. Ningesema nini, Isnino? Ni baba yangu."

Isnino alitamani kuyamwaga maziwa yale miguuni pa Muthoki. Lakini ndani Bile alikuwa analia. Akakipokea kibuyu cha maziwa ya ng'ombe wao kwa mikono miwili, kama apokeavyo mwombaji, akasema, "Asante."