Misumari Mdomoni

Mtaa mzima ulimwita Kasuku, maana mdomo wake haukuwa na breki. Alikuwa fundi wa makochi, na misumari yake midogo aliitunza shavuni, akiisukuma kwa ulimi mmoja mmoja hadi midomoni, anachukua, anagonga, na umbea unaendelea palepale. Tumbaku ya kutafuna nayo ilikuwa na shavu lake, la pili. Wateja wengine walikuja kumtazama tu.

Mkewe alishona foronya za mito ya makochi kwenye cherehani pembeni yake. Ndiye aliyeliona lile baka jeupe, siku mumewe alipocheka kinywa wazi. Alimkalisha mlangoni penye mwanga, akalisugua kwa kitambaa. Halikutoka. Kasuku akasema haliumi hata kidogo, ni sugu ya misumari, kama ya kiganja cha seremala. Fundi gani hana sugu?

Mke akaamini, na kosa likaanzia hapo. Akaitangazia misumari vita. Alimkalia kooni mwezi mzima, akamletea kopo la kuiwekea, akamwapisha. Kasuku alinung'unika kwamba mdomo uliozoea kazi haukai bure, basi mke, ili amani ikae nyumbani, akawa anamletea tumbaku kila Jumamosi akirudi sokoni. Zamani alikuwa akimgombeza kwa tumbaku hiyohiyo. Sasa aliiona nafuu, na alijipongeza.

Miaka miwili ikapita. Baka likawa la kukwaruza, likawa na wekundu katikati, kisha kidonda kisichotaka kupona. Kasuku akawa anatafuna upande mmoja huku akitania kwamba meno ya upande wa pili yako likizo. Utani huo haukumchekesha mkewe. Alimburuta kwa daktari wa meno, naye akakata kinyama kidogo kikapelekwa maabara.

Siku ya majibu waliketi wote wawili mbele ya meza yake. Daktari alikuwa binti mdogo, hakuzunguka mbuyu.

"Mzee, ni saratani ya kinywa."

Mke akasubiri mumewe aseme neno, lolote, hata la kipuuzi. Kasuku alikuwa akitazama vidole vyake.

"Lakini misumari aliiacha," mke akasema. "Miaka miwili sasa, daktari. Nilihakikisha mwenyewe."

Daktari akauliza misumari alikuwa akiiweka upande gani. Kasuku akagusa shavu la kulia. Daktari akageuza picha waione: kidonda kilikuwa kushoto, na baka lote lilikuwa kushoto.

"Na huku kushoto ulikuwa unaweka nini, mzee?"

Mke alijua ni tumbaku. Alikuwa amelisugua shavu hilohilo kwa kitambaa chake, na hata siku moja hakujiuliza ni shavu la nini.

Daktari akaeleza taratibu. Mabaka ya namna hiyo mengi hayageuki kuwa saratani, ila baadhi hugeuka, na tumbaku huyasukuma huko. Baka lisilofutika huonyeshwa daktari mapema, hata kama haliumi. Sasa itabidi wakate sehemu ya ndani ya shavu na ukingo wa ulimi, maana kidonda kimefika huko, kisha mionzi.

"Nitaongea?" Kasuku akauliza.

"Utaongea, lakini si kama hivi. Kwanza tunapigania uhai." Akachukua kalamu. "Tumbaku inakoma leo. Unaipata wapi?"

"Najinunulia mwenyewe," Kasuku akasema upesi, bila kumtazama mkewe.

Huruma ile ilimchoma mke kuliko lawama. Akafungua mkoba, akatoa pakiti mpya, akaiweka mezani.

"Namnunulia mimi. Kila Jumamosi. Hata hii nimeinunua asubuhi, nikasema akitoka hapa imtulize roho."

Daktari akaacha kuandika. Mkono wa Kasuku ulikuwa umeshaanza kuifuata pakiti juu ya meza, kwa mazoea tu, wala mwenyewe hakujua. Mke akauona. Akaudaka kwa mikono yake yote miwili, akaushikilia kwa nguvu, na mkono ule ukaendelea kuvuta.