Muhuri wa Mama Hilda

Wa kulaumiwa kwanza ni Chande. Kabla hajafungua kibanda chake kando ya soko la Songea, mihuri ilikuwa ya serikali, na mtu wa kawaida aliuona muhuri pale tu anapokataliwa jambo. Ruksa ilipoingia, kila mtu akaachiwa afanye biashara, Chande akatoka zake Nalasi na nyembe mbili na gunia la malapa mabovu, akawa anachonga mihuri kwenye zile soli. Kufika mwaka tisini na tatu kila duka lina muhuri, kila kwaya ina muhuri, hata fundi baiskeli ana wake, anaugonga wapi sijui.

Na Mwalimu Makarius Haule wa Mfaranyaki, mstaafu, mwenye kabati la vitabu mia mbili na kitu, akubali kupitwa? Thubutu! Akachongesha wake: MALI YA MWL. MAKARIUS HAULE. KIKIONEKANA KIRUDISHWE MFARANYAKI.

Jamani, mzee alichachawa. Jumatatu tangu asubuhi ni kugonga tu, paa, paa, wino wa zambarau hadi kwenye viwiko. Kila kitabu kiligongwa ukurasa wa kwanza, wa mwisho, na ule wa siri, wa arobaini na nne, ambao mtaa mzima waliujua kwa sababu aliutaja kila alipomwazimisha mtu kitabu. Vitabu vilipokwisha akagonga kalenda. Akagonga karatasi ya maelezo ya dawa ya kikohozi. Mkewe, Emerensiana, alicheka mpaka akashika mbavu, akamwambia Baba Hilda angalia usije ukagonga na ugali.

Kesho yake alipochukua kitabu chake cha sala aende kwenye jumuiya, kicheko kikamkauka. Chini ya jalada, pale pale pa kwanza, muhuri umelala, mnene, umeloa wino. Na chini ya muhuri, kwa penseli, ndipo lilipokuwa jina lake.

Lile jina aliliandika mama yake. Bibi yule alijifunza kusoma akiwa na miaka hamsini na ushee, kwenye kisomo cha watu wazima, anatoka kupalilia mahindi anakwenda kushika chaki. Siku alipoweza kuandika neno zima bila kushikwa mkono, hakuliandika kwenye daftari la mwalimu. Alitembea na kitabu cha sala mpaka kwa binti yake, akaketi, akatoa ulimi nje kama mtoto, akaandika EMERENSIANA. Herufi moja imeinama huku, nyingine imeanguka kule. Hakuna barua aliyowahi kuandika, na sasa alikuwa marehemu mwaka wa saba.

"Baba Hilda," Emerensiana alisema, "hiki ni changu."

"Changu, chako, nyumba si moja?" Mwalimu hakuinua hata macho. "Ukikisahau kanisani kitarudi. Ulipaswa kunishukuru."

"Umegonga juu ya jina."

"Jina gani? Palikuwa na mikwaruzo ya penseli tu. Nikajua mtoto kachezea."

Emerensiana alikifunga kitabu, akakitia kwapani. Hakuwahi kumwonyesha mumewe maandishi yale, kwa kuwa alimjua: mwalimu akiona herufi iliyoinama, anasahihisha. Akajifunga kanga yake, akaenda zake jumuiyani, na Salamu Maria za siku ile alizisali akiwa ameuma meno.

Jumatano akawa kibandani kwa Chande.

Chande alisoma kikaratasi mara mbili. "Mama, hapa umeandika 'akionekana.' Mali gani hiyo, mbuzi?"

"Mkubwa kidogo kuliko mbuzi."

"Ah, basi riziki njema," alisema Chande, akashika wembe.

Jumapili baada ya misa, Mwalimu alikula ugali na dagaa wa Nyasa, akajilaza kwenye kochi, akaanza kukoroma. Upara wake ulikuwa mpana, mkavu, safi. Emerensiana alipiga moyo konde, akauchovya muhuri wake, akaugonga katikati, taratibu, akaukandamiza hadi herufi zote zikashika. Mpango wake ulikuwa mdogo: ataamka, atajiona kwenye kioo, watagombana wawili mlango umefungwa, na yeye atalitoa lililo moyoni.

Lakini kabla ya kioo akaja Rupert, katibu wa kamati ya parokia. "Hodi! Mwalimu, wajumbe wote wamefika, tunakungoja wewe!"

Parokia ilikuwa inafungua chumba cha kusomea, na leo ndiyo siku ya kumkabidhi mtunza vitabu kazi yake. Nafasi ile Mwalimu aliililia tangu Kwaresima. Aliruka kutoka kwenye kochi, akabandika kofia yake ya pama kichwani, huyo! Emerensiana akakwapua kitabu chake cha sala, akamfuata mbio.

"Baba Hilda, leo usivue kofia."

"Nisivue kofia kwenye sala? Mimi? Wewe mama unaumwa?"

"Kuna baridi."

"Mungu anaijua baridi ya Songea," alisema Mwalimu, akaongeza mwendo.

Ukumbini akakaa mstari wa mbele, mkewe nyuma yake. Mwenyekiti, Mzee Gaspari, akawasimamisha wote wasali. Mwalimu akavua pama kwa heshima zote, akainamisha kichwa mbele ya mwenyekiti.

"Baba yetu uliye mbinguni," alianza Gaspari, "jina lako... mali ya Emerensiana, akionekana arudishwe Mfaranyaki."

Sala ilikufa pale pale. Rupert alianza kukohoa, kumbe anacheka. Waliokuwa nyuma wakapanda kwenye mabenchi wajisomee. Mwalimu akajipapasa kichwani, akatazama vidole vyake vya zambarau, akageuka polepole.

"Mama Hilda?"

"Hatuwezi kumkabidhi maktaba mtu mwenye mwenyewe," alisema Gaspari akijifuta machozi. "Mama, unatuazima?"

Emerensiana alisimama. Watu walitegemea utani, naye hakuwa nao. Alikwenda hadi mbele akafungua jalada chini ya pua ya mumewe.

"Soma."

"Mali ya Mwalimu Maka..."

"Chini yake. Soma."

Mwalimu alivaa miwani. Aliinamia ukurasa muda mrefu, akifuata penseli katikati ya wino, herufi kwa herufi, kama wanafunzi wake wa darasa la kwanza walivyokuwa wakifanya.

"Emerensiana," alisema mwishowe. "Nani ameandika?"

"Mama. Ndilo neno la kwanza kuandika maishani mwake. Wewe umesema mtoto kachezea."

"Sikuona."

"Hukuangalia."

Uso wa Mwalimu ulimshuka. Miaka thelathini amesahihisha kazi za watu, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema amekosa. Alitoa kalamu nyekundu mfukoni, maana hata ustaafuni hakuiacha, akakiweka kitabu mezani kwa mwenyekiti. Akauchorea muhuri wake alama ya kosa, kubwa, kona hadi kona, akijihadhari asiiguse penseli. Chini akaandika: *Nimekosa. Si changu. Ni cha Emerensiana, amepewa na mama yake. Makarius.*

"Na maktaba, je?" aliuliza Gaspari kwa sauti ndogo.

"Mtampata akimaliza." Emerensiana alikuwa bado anasoma. "Umeandika 'mama yake.' Ana jina."

Mwalimu akainua kalamu tena. "Devota," alisema, kwa upole ambao mkewe hakuusikia siku nyingi. "Niliandike wapi?"

"Juu," alisema Emerensiana. "Juu ya lako."