Upande Usiokatwa

Mama Fundi hakuwa anatafuta kitu. Alikuwa anafagia tu, kama alivyozoea kila kazi inapokwisha karakanani, maana vumbi la chuma ukiliachia linakufuata mpaka kwenye unga. Ufagio ukagonga kitu chini ya meza ya jiriwa, kile kibanio cha chuma, nyuma ya mtungi wa gesi. Akainama, magoti yakalia, akakivuta. Kilikuwa kipande cha bomba, kimeviringishwa kitambaa na kukazwa fundo.

Mabaki ya bomba katika nyumba ile hayakuwa na siri. Yalitupwa kwenye ndoo mlangoni, mwenye haja akachukua: huyu wa kuegeshea dirisha, yule wa kufungia mche wa nyanya. Sasa nani amekaa akaviringisha takataka kama mtoto mchanga? Akalifungua fundo kwa meno.

Kipande kilikuwa kirefu kupita kiganja chake, na ncha yake moja ilikuwa imepakwa rangi nyekundu.

Akakisogeza kwenye mwanga wa mlango.

Chumba kile zamani kilikuwa jiko lake, kabla mumewe hajakiomba "kwa siku mbili tatu tu, mke wangu" na kukijaza mabomba hadi darini. Marehemu alikuwa akitengeneza fremu za baiskeli kwa vipimo vya mtu, kama mshonaji anavyoshona suruali. Anapima mguu, anapima mkono, anapima hata mgongo unavyokubali kuinama. Mabomba yake hayakuwa ya kawaida. Yalikuwa manene kwenye ncha na membamba katikati, ili baiskeli iwe nyepesi na maungio yashike. Unene wa ncha moja ulikwenda mbali kidogo, na huko ndiko kwa kukata. Unene wa ncha ya pili ulikuwa mfupi. Ukiukata huo, kinachobaki ni kama bati la kopo. Kwa hiyo bomba likiingia tu nyumbani, marehemu, kabla hajanywa hata maji, alichukua brashi akaipaka nyekundu ncha ile fupi. "Huku msumeno haufiki," alikuwa akisema. Maisha yote aliyoishi naye, Mama Fundi hakuwahi kuona kipande chekundu sakafuni.

Leo anacho mkononi.

Aligeuka akaitazama baiskeli. Ilisimama katikati ya chumba, ya kijani, inameta, imeshavishwa magurudumu, mnyororo, breki na karia ya kupakilia nyuma. Mwenyewe alikuwa nesi wa zahanati ya bondeni, mwanamke mfupi mwenye nyonga mbovu, ambaye kila baiskeli ya dukani ilimrudisha kitandani. Na kwa ufupi wake, lile bomba kubwa la chini, linalotoka shingoni kwa usukani kushuka kwenye pedeli, lilikatwa sana. Kwa mtu mrefu ingeondoka ncha ya kidole, unene ukabaki. Kwa nesi ulikuwa umeondoka wote, na palipobaki pembamba ndipo palipochomelewa shingoni, mahali panapobeba kila shimo na kila breki.

Nesi alikuwa anakuja kuichukua alasiri hii hii. Kila asubuhi angeteremka nayo bondeni, mwanawe kwenye karia.

"Ee Mungu, usituache," Mama Fundi alisema kwa sauti ya chini. Akakifunga kipande kwenye pindo la nguo yake.

Mwanawe akaingia anafuta mikono. Majirani walimwita Tupa, kwa ile tupa ndogo ya kulainishia chuma asiyoitoa mfukoni hata akienda kusali. Fremu hii ilikuwa ya kwanza kuitengeneza peke yake tangu wamzike baba yake.

"Umeshamaliza kufagia, mama? Leo una mbio."

"Nimemaliza. Mpaka chini ya meza."

Jicho la Tupa likateleza chini ya meza, likarudi. Akachukua kitambaa, akaanza kufuta kiti cha baiskeli ambacho hakikuwa na vumbi.

"Iko salama, baba?" mama akamuuliza.

"Iko salama. Kwa nini isiwe salama?"

"Nauliza tu. Mzazi haulizi?"

"Uliza, mama, uliza. Lakini nimeipima juu, nimeipima chini, imenyooka kama uzi."

"Sijauliza kunyooka."

Tupa alikuwa anafuta palepale. Mama akasogea karibu, akashusha sauti, ingawa nyumba nzima ilikuwa yao wawili.

"Mwanangu, kama kuna neno, liseme sasa hivi tuko mimi na wewe. Watu wakishaingia litakuwa zito."

"Neno gani tena? Mama, tafadhali, leo usinianze."

Angeweza kukifungua kipande pale pale akamwekea mezani. Mkono ulishafika kwenye fundo. Lakini alimjua mwanawe. Ukimshika na kosa mkononi, atabishana nawe mpaka jua lizame. Atasema bomba hili la kazi nyingine, atasema shaba ya kuungia imejaza, atasema mengi, na mwisho atayaamini mwenyewe. Mama Fundi akaomba kimoyomoyo apate maneno. Badala ya maneno, likagongwa geti.

"Hodi wenyewe! Nimekuja kumchukua bwana wangu wa kijani!"

Nesi akaingia anachechemea, bado yuko kwenye sare ya kazini, na nyuma yake mwanawe wa kike ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukuwa na likizo. Alikumbatia kamto kadogo ka duara.

"Bibi, shikamoo! Huu mto wangu! Mama kaushona kwa nguo zake za kazini! Nitaukalia! Baiskeli ndiyo ile? Ina kengele?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Pumua kwanza."

"Fundi, mbona umenuna?" nesi akamtania Tupa. "Au humtaki shemeji yako?"

"Karibu, dada," Tupa akasema, akarudi kufuta kiti.

Nesi hakungoja kukaribishwa mara ya pili. Akaishika baiskeli, akaitoa uani, akavusha mguu bomba la juu lililoinamishwa kwa ajili yake, akakaa. Akazunguka uani mara moja, polepole, kama mtu anayesubiri kuumwa. Akazunguka tena. Aliposimama uso wake ulikuwa umebadilika, utani umemtoka.

"Haijauma," akasema. "Mama Fundi, nyonga haijauma. Mnajua tangu lini…" Akajifuta macho kwa kiwiko. "Basi. Lete mto, Chiriku. Tunashuka mpaka barabarani, tunapanda, halafu nakuja kumshukuru fundi vizuri."

Chiriku alishafunga mto kwenye karia, fundo la ajabu ajabu, na mama yake akamnyanyua akamkalisha. Miguu midogo ikaning'inia. Geti lilikuwa wazi. Nje ya geti njia ilikwenda sawa hatua chache, kisha ikaanguka moja kwa moja, imejaa mawe na makorongo, mpaka barabara kuu ambako malori yalipita bila kumwangalia mtu.

Mama Fundi akamtazama Tupa. Tupa alikuwa anatazama ukuta.

Akasubiri. Alimpa mwanawe nafasi yote aliyokuwa nayo ya kumpa. Gurudumu la mbele likafika getini, na Tupa bado alikuwa anautazama ukuta.

"Ngoja!" Mama Fundi akaushika usukani kwa mikono miwili. "Fremu haijawahi kutoka nyumba hii kabla mimi sijaikalia."

Nesi akacheka. "Makubwa! Wewe tena?"

"Mimi. Marehemu alinipakia kwenye kila fremu aliyotengeneza, tukateremka mpaka chini. Alikuwa anasema, kama siwezi kumpakia mke wangu, nitampaje mtu ampakie mwanawe? Mshushe mtoto, mama. Tupa, njoo unipakie."

"Mama, hayo yalikuwa ya baba," Tupa akasema. "Na magoti yako yale?"

"Magoti yangu yanakaa, hayakanyagi."

"Rangi haijakomaa."

"Sijavaa nguo ya msasa."

"Mpakie bibi!" Chiriku akapiga kelele. "Mpakie bibi! Halafu mimi!"

"Mpakie, fundi," nesi akasema, akimshusha mtoto. "Mzee akishataka jambo lake, utafanyaje?"

Tupa akaja. Akaushika usukani, na mama akaona vidole vyake vinavyoubana. Akapanda karia kwa upande, kama zamani, juu ya mto wa Chiriku, mkono mmoja kiunoni kwa mwanawe. Chini ya mkono akasikia fulana imelowa.

Wakatoka getini. Hatua chache za njia sawa, Tupa anakanyaga taratibu mno hata gurudumu linayumba. Mama Fundi alikuwa anasali, macho wazi, anayaangalia mawe. Hakuwa na hakika. Marehemu angeshasimama zamani, lakini huyu si marehemu. Je, kama atateremka kweli, kwa ukaidi tu? Shingo ile itavumilia jiwe la kwanza? La pili? Akaushika mkanda wa suruali ya mwanawe. Hakushuka.

Gurudumu la mbele likachungulia mteremko. Chini kabisa lori likapita, vumbi likasimama.

Breki zikalia. Tupa akaweka mguu chini.

"Shuka, mama."

"Kwa nini?"

"Wewe shuka tu."

"Nikishuka mimi, anapanda mtoto."

Tupa akaushika tena usukani, mgongo umempa mama. Kisha akasema kwa mbele huko, kama anazungumza na usukani:

"Niligeuza bomba nipate mwanga wa dirishani. Nililigeuza nikasahau kuligeuza tena. Kipande kilipoanguka ndipo nikaona nyekundu."

"Ukakiviringisha kitambaa."

Akageuza shingo. Mama alishafungua pindo, kipande kiko kiganjani.

"Lilikuwa bomba la mwisho la baba," Tupa akasema. "Nikajiambia nitajaza shaba nyingi kwenye ungio. Nikajiambia yule ni mwepesi. Kila siku najiambia, mama. Usiku silali."

"Basi mimi umeshaniambia. Mwenye baiskeli hajui." Akashuka, magoti yakalia tena. "Twende. Isukume, usiipande."

Walipoingia uani nesi alikuwa amesimama, mkono nyongani, kicheko kimekwisha kabla hajaambiwa lolote. Tupa akaisimamisha baiskeli.

"Dada, baiskeli hii sikupi."

"Hunipi? Unanifanyia mzaha?"

"Nilikata bomba upande usiokatwa. Hapa shingoni pamebaki pembamba. Ingekuvunjikia mteremkoni."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijua, ukaniacha nampandisha mtoto." Nesi hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele. "Nilikuwa namfunga mtoto wangu hapo, umesimama, unaniangalia."

"Hata kukuangalia sikuweza."

"Labda pazima! Labda mnababaika tu! Mbona imenibeba vizuri?" Sasa sauti ilipanda. "Nyonga haikuuma, Mama Fundi! Mwambie!"

Tupa aliingia ndani akatoka na msumeno wa chuma. Akalaza baiskeli ubavu, akapiga goti, akauweka msumeno kwenye bomba la kijani, karibu kabisa na shingo. Mkono ulisita mara moja. Kisha akavuta.

Mahali pazima msumeno ungekula taratibu, jasho likutoke. Hapa ulipita haraka. Ulipita haraka mpaka nesi mwenyewe, asiyejua chuma, akaziba mdomo. Tupa akaupanua mkato, akaweka dole gumba kwenye ukingo wa bomba, akaminya. Ukingo ukabonyea. Kando yake akaweka kipande chekundu alichopewa na mama yake, akaiminya ncha ile yenye rangi hivyo hivyo, haikubonyea.

Chiriku akachuchumaa aangalie.

Nesi aliangalia ile sehemu iliyobonyea kwa muda. Kisha akamshika mwanawe mkono, kwa nguvu, kama wanataka kuvuka barabara.

"Bomba lingine litapatikana?" akauliza, hamwangalii Tupa.

"Nitaagiza. Litachelewa. Nitaanza upya, na mama atakuwepo nikikata."

"Sikuulizi nani atakuwepo."

Akageuka akaenda getini, anachechemea zaidi kuliko alipokuja, maana pale uani alikuwa amesahau kwa dakika chache kwamba anachechemea. Hakuaga. Mama Fundi akamfuata hatua mbili, akasimama. Tupa alikuwa bado amepiga goti, msumeno mkononi, jasho linadondoka juu ya rangi ya kijani.

Wakiwa wameshatoka nje ya geti, Chiriku akashtuka, akavuta mkono.

"Mama! Mto wangu! Mto wangu umebaki!"

Nesi hakugeuka wala hakupunguza mwendo.

"Uache hapohapo," akasema.

Mama Fundi akaenda kwenye karia, akaanza kulifungua lile fundo la mtoto, taratibu, asilikate. Akaupangusa mto vumbi la chuma, akaupeleka ndani, akautundika kwa kamba yake kwenye msumari wa ukutani juu ya meza ya jiriwa, mahali ambapo mtu akishika msumeno hawezi kuinua macho asiuone.