Nyufa Zilizofutwa

Miezi mitatu Restituta alishinda kwenye vilima nje ya Mpanda akipima nyufa za mwamba kwa tepu, uso umebabuka kwa jua. Kampuni moja ya dhahabu ilitaka kujenga bwawa la maji machafu ya kiwandani, naye aliajiriwa kutafuta kama maji hayo yatatulia au yatapenya chini.

Aliingiza kila ufa kwenye kompyuta. Jibu lilimtisha. Mwamba wenyewe ulinyonya maji polepole, kama tofali. Lakini bwawa likijaa, msukumo wa maji ungezipanua nyufa, na sumu ingefika kwenye kisima cha kijiji kabla ya masika ya pili.

Alimkabidhi ripoti mkuu wake, Gelasius. Baada ya wiki akarudishiwa, imejalidiwa vizuri. Kwenye mchoro, mwamba ulikuwa mzima kabisa. Chini yake, jina la Restituta.

"Bosi, nyufa ziko wapi?"

"Zinachanganya watu, dada," Gelasius alisema huku anatafuna karanga. "Tumechukulia mwamba hauna ufa. Kitaalamu inaruhusiwa."

"Watu watakunywa sumu!"

"Kwani wewe unachota pale?" Akacheka, maganda yakimdondoka kifuani.

Restituta alichukua ripoti, akatoka nje.

Kwenye mkutano wa kijiji, Gelasius alionyesha mchoro ule. Watu wakaanza kupiga makofi. Restituta akasimama.

"Jina ni langu. Kazi hii siyo yangu."

Akaweka mezani kipande cha mwamba kilichochimbwa palepale patakapojengwa bwawa, akakimwagia maji kwa juu. Yalipita kwenye ufa, yakachuruzika chini ya meza hadi kwenye viatu vya Gelasius.

Mama Kasilda, ambaye shamba lake limepakana na kisima, alimkazia macho Gelasius. "Kwa hiyo nyie mlijua?"

Kijiji kilikataa, na bwawa likahamishiwa bonde lenye udongo mzito wa mfinyanzi, usiopenyeza maji. Restituta alifukuzwa kazi siku ileile.

Mwaka uliofuata, akiwa kwao Majimoto anakula mchana, alimsikia Gelasius redioni akieleza jinsi alivyozigundua nyufa zile mwenyewe, kwa kuwajali wananchi.

Alizima redio, akasukuma sahani pembeni.