Kibali cha Kubomoa Ukuta

Katika Milki ya Manyoya hakuna ukuta uliosimama wala kuanguka bila idhini ya Mfalme Tai. Kuziba ufa, kuongeza kijiti kwenye kiota, kubomoa udongo mkavu, vyote vilihitaji jani la kibali lenye alama ya ukucha wake. Sheria hiyo ilipoletwa barazani, Hondohondo alikuwa wa kwanza kuinua bawa. Alikuwa mjumbe mpya, na kiti kilikuwa kitamu.

Kwao Hondohondo, mke anapotaka kutaga huingia ndani ya shimo la mti, na mume huziba mlango kwa udongo, akiacha upenyo wa kupitishia chakula. Makinda wakikua, mume hubomoa. Tangu enzi za mababu, hakuna aliyeomba ruhusa ya kumfungulia mkewe.

"Mheshimiwa," mkewe alimtania kupitia upenyo, "leo umetuletea tini au hotuba?"

"Tini, mama watoto. Hotuba nimeziacha hukohuko."

Wakacheka, na makinda wakalia njaa.

Mchana mmoja siafu walianza kupanda ule mti.

"Baba watoto, nasikia harufu yao. Bomoa!"

Hondohondo aliinua mdomo wake mkubwa, kisha akaushusha. Kwenye tawi la jirani, Kunguru alikuwa akitazama. Mjumbe avunje sheria aliyoipitisha mwenyewe?

"Vumilia kidogo. Nakwenda kuchukua kibali. Mimi hawatanizungusha."

"Ukuta si wetu?"

"Na sheria ni yetu pia, mke wangu."

Akaruka.

Barazani, Waziri Korongo alimsikiliza akiwa amesimama kwa mguu mmoja.

"Mheshimiwa, ukuta wako umekaguliwa?"

"Bado, lakini siafu wamekwisha..."

"Siafu si wakaguzi."

Wajumbe waliangua kicheko. Hondohondo naye akacheka, kwa mazoea.

Juu yao, mafundi walikuwa wakiongeza ghorofa kwenye kiota cha Mfalme. Vijiti viliwadondokea wajumbe vichwani. Walijipangusa kimya kimya, wakaendelea na kikao. Maswali yalifuata maswali, mpaka jua likaanza kuinama.

"Hongera," Korongo alisema, akimkabidhi jani. "Hakuna mwananchi aliyewahi kupata upesi hivi."

Hondohondo alishukuru. Hata aliinama.

Aliporudi, siafu walikuwa wamekwisha kushuka. Aliita, upenyo ukanyamaza. Akaupiga ukuta, nao ukaanguka kwa pigo la kwanza. Ulikuwa mwembamba kuliko alivyokumbuka.

Habari zilienea. Kesho yake, msitu mzima ulirindima kwa midomo ikigonga udongo. Waume walifungua milango yao mchana kweupe, na hakuna aliyemwomba Tai chochote.

Korongo aliitisha baraza haraka. "Anayetaka wabomoaji hawa waadhibiwe, ainue bawa."

Macho yote yalimgeukia Hondohondo, maana ndiye aliyezoea kutangulia. Hakuinua.

"Shujaa!" ndege walipaza sauti kutoka matawini. "Mjumbe wetu! Shujaa!"

Kila walivyozidi kumshangilia, ndivyo alivyozidi kuinamisha kichwa na kulibana bawa lake ubavuni. Chini ya bawa hilo lilikuwamo jani la kibali, bado bichi, na hakutaka mtu alione.