Uzito Uko Mguu Gani

Pale kliniki hakuna aliyemwita kwa jina lake. Kazi yake ilikuwa kurudisha uhai kwenye viungo vya watu waliovunjika, waliopasuliwa au waliopooza, na kwa kuwa neno "nyoosha" lilimtoka mdomoni mara mia kwa siku, wagonjwa walimbatiza Mama Nyoosha. Naye akalipokea jina, maana yapo mabaya zaidi.

Jumatatu moja, kabla hata hajafunga vifungo vya koti lake jeupe, simu iliita. Aliyepiga alikuwa mkwe wa bibi mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa goti. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba mama mkwe wake tangu juzi hawezi kusimama wima. Goti halina neno, shida ni mgongo.

"Na anasema amefanya vilevile karatasi yako ilivyosema," akamalizia.

Karatasi hiyo Mama Nyoosha aliichora mwenyewe. Wagonjwa wengi hawakujua kusoma, na waliojua walisahau maelekezo kabla hawajafika getini, kwa hiyo aliwachorea mazoezi wakayafanye nyumbani. Picha za kamera alishazijaribu, lakini mashine ya kunakili ya pale ilizigeuza masizi matupu. Ndipo akashika kalamu: kichwa duara, kiwiliwili mstari, mikono na miguu njiti nne. Nakala ya kila zoezi aliibandika ukutani.

Alikwenda kwa bibi roho mkononi. Akamkuta amelala ubavu, karatasi iko kando ya mto. Akampapasa uti wa mgongo pingili kwa pingili, akamwinua mguu mmoja, akamwinua wa pili, akamwuliza kama anasikia ganzi popote. Hakuna ganzi. Ilikuwa misuli tu iliyokaza. Wiki moja ya kukandwa kwa maji ya moto na kutembea taratibu ingetosha kuilegeza. Mama Nyoosha alishusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu kwenye simu.

"Bibi, niambie ulivyofanya. Usinionyeshe, niambie tu."

"Nilishika kiti, nikainama mbele mpaka paji la uso likagusa kiti. Mara thelathini asubuhi, mara thelathini jioni. Mimi si mvivu."

Zoezi lenyewe lilikuwa kuchuchumaa nusu: ushike kiti kwa mbele, usukume makalio nyuma kama mtu anayeketi, kisha uinuke.

"Ilikuwa uketi, bibi. Uketi kidogo tu hewani."

Bibi aliisogeza karatasi karibu na macho, akaitazama kwa huruma. "Mjukuu wangu, huyu mtu wako hana makalio. Ningejuaje kwamba anaketi?"

Mkwe alicheka hadi akalazimika kutoka chumbani. Mama Nyoosha naye alicheka, na kicheko kile kilimwondolea nusu ya mzigo. Nusu iliyobaki alirudi nayo kazini.

Mkuu wa idara hakufoka. Hakuwa mtu wa kufoka. Alikuwa mtu wa kuvua miwani. Aliivua, akasema, "Karatasi zote zishuke ukutani leo. Zitarudi siku ambayo mtu asiyejua lolote ataitazama mojawapo na kufanya sawasawa bila kuambiwa neno."

Mama Nyoosha akazishusha moja moja, akaziweka mezani kwake. Hapo ndipo zilipoonwa na Fundi wa Mabango, mwanamke aliyekuwa akichora mabango ya maduka na kuta za shule mpaka bega lake la kulia lilipoganda. Mkono wake haukupanda kupita kifua, na alikuja kunyooshwa kila Jumanne na Ijumaa, akilalamika tangu mlangoni.

"Nani kachora hizi?" aliuliza.

"Mimi."

"Hawa si watu, dada. Ni henga za kutundikia nguo."

Mama Nyoosha aliendelea kumzungusha mkono taratibu, akamsimulia habari ya bibi na kiti. "Na si kwamba simjui mtu alivyo," akasema. "Kila mfupa naujua, na msuli unaouvuta."

"Ndiyo tatizo lako. Unachora orodha. Mtu akisukuma mlango, mwili wote unasukuma kwa pamoja, mifupa haipangi foleni. Aai, taratibu hapo."

"Pole. Sasa nifanyeje?"

"Chora watu wanaotembea na wanaofanya kazi zao, nusu dakika kila mmoja. Usichore sura wala vidole. Kabla kalamu haijagusa karatasi, jiulize uzito uko mguu gani. Vuta mstari mmoja kutoka kichwani mpaka kwenye mguu huo, mengine yafuate."

"Na nikikosea?"

"Utakosea. Ishirini kila siku, zote mbaya. Tumia karatasi zilizokwisha kazi upande mmoja. Na usifute. Ukishika kifutio, nusu dakika imekwenda."

Mama Nyoosha alibaki ameushika ule mkono wa mgonjwa wake bila kuuzungusha. Kwa miaka kumi na minne kila alichokiandika kiliingia kwenye faili la mtu, na kosa dogo lingeweza kumlemaza mtu. Leo alikuwa anaamriwa akosee mara ishirini kabla ya chai ya saa nne, na dunia isidhurike. Alijisikia mwepesi kama mtu aliyevua viatu vinavyobana.

Kesho yake alifika mapema, akasimama dirishani na saa ya ukutani mbele yake. Chini kulikuwa na benchi la wagonjwa, geti, na mlinzi. Alianza na mlinzi. Nusu dakika ikaisha akiwa bado kwenye kofia. Wa pili alikuwa mama anayembeba mtoto. Mama akageuka kabla mstari haujafika kiunoni. Wa tatu alifanana na kiazi. Alichora hadi ishirini, akazihesabu, akazifungia kwenye bahasha, akaenda kuwanyoosha watu.

Nyumbani zoezi likamwangukia mumewe, fundi wa majokofu, ambaye hakuweza kukaa mahali pamoja dakika mbili. Alimchora akiinua mtungi wa gesi, akifunga kamba za viatu, akitafuta bisibisi iliyokuwa mfukoni mwake mwenyewe.

"Hata nikila unanichora?" mume aliuliza.

"Kula tu, mume wangu. Usiache kutafuna, ndiko ninakokutaka."

"Basi nichore tumbo dogo."

"Tumbo halimo. Nina nusu dakika tu."

Siku za miadi, Fundi wa Mabango alizipanga karatasi kitandani na kuzipitia. Kwa kuwa mkono wake wa kuchorea ulikuwa umegoma, hakuweza kushika kalamu na kusahihisha. Ilibidi aseme, na maneno yakimwishia, ainuke aige. Alisimama katikati ya chumba, akabeba ndoo isiyokuwepo, kiuno kikamtoka upande mmoja. "Unaona? Ndoo iko kulia, kiuno kimekimbilia kushoto. Wako amebeba ndoo kama anabeba barua." Karatasi nyingine aliitazama, akaitupa bila neno. Nyingine: "Huyu amechoka. Vizuri. Ulitaka awe amechoka?"

"Hapana. Alikuwa anacheza mpira."

"Basi mbaya."

Wiki mbili zilipita hivyo, bandu bandu. Bibi wa goti alinyooka mgongo siku ya nane, akampigia simu mwenyewe kumwambia ameshuka ngazi bila kushikwa, na kwamba mazoezi sasa anaonyeshwa na mkwe wake, aliyefundishwa ana kwa ana. Mama Nyoosha alikata simu akakaa kitako kwenye kiti cha wagonjwa, macho yamemlowa. Baada ya hapo alichora kwa hamu. Woga uliokuwa umemkalia mkononi ulikuwa umehama.

Wiki ya tatu, mhudumu mmoja alipita uani akisukuma kitanda chenye gurudumu bovu. Mama Nyoosha hakupata muda wa kufikiri. Aliona uzito wote uko mguu wa nyuma, akavuta mstari kutoka kisigino hadi utosini, umelala kama mti unaosukumwa na upepo. Akaongeza mikono, akaongeza kitanda kwa kipande cha mstari. Sekunde zilibaki hata hakuzihitaji.

Ijumaa, Fundi wa Mabango alifika kwenye karatasi hiyo, akaisogeza dirishani.

"Nini?"

"Huyu anasukuma," akasema. Kisha, asije akamharibu mwanafunzi wake, akaongeza, "Ila miguu inaelea. Mpe ardhi."

Mwezi wa pili alianza kuzichora upya karatasi za mazoezi. Mazoezi yalikuwa sita. Kila moja alilichora mara nyingi kwa haraka, akichagua mchoro uliokuwa na nguvu, ndipo akaurudia kwa wino mzito. Karatasi ya kiti alimpa kwanza mlinzi wa getini ajaribu. Mlinzi aliitazama, akashika kiti, akaruka.

"Kwa nini unaruka, kaka?"

"Si ana visigino juu?"

Kweli, visigino vilikuwa juu. Akarudi mezani, akavishusha chini, akakaza mstari wa paja. Mlinzi alipoitwa tena alishika kiti, akasukuma makalio nyuma, akashuka nusu, akapanda. "Hii inauma mapajani," alilalamika, na Mama Nyoosha akamwambia hayo ndiyo malalamiko aliyokuwa akiyaomba.

Siku ya mtihani mkuu wa idara alichagua mtu mwenyewe. Alikuwa dereva wa lori kutoka mbali, ametolewa plasta ya mguu, na hakuna pale kliniki aliyejua lugha yake hata neno la salamu. Mkuu akampa karatasi mkononi, akarudi nyuma. Mama Nyoosha alikaa kona ya chumba, mikono ameibana katikati ya magoti.

Dereva aliigeuza karatasi, akaangalia kama upande wa pili una kitu, akairudisha. Akakitazama kiti. Akakishika kwa mikono miwili, akapanga nyayo zake sambamba, akasukuma makalio nyuma polepole, mgongo umenyooka, akashuka hadi nusu. Akasita hapo, akaangalia mchoro wa pili, akainuka. Akarudia. Mara ya tatu alimgeukia mkuu na kuinua nyusi, kama anayeuliza, ndiyo hivi?

Mkuu alivaa miwani yake. "Zibandike," akasema.

Mama Nyoosha alicheka peke yake pale konani, kwa sauti, mpaka dereva naye akacheka bila kujua kisa. Mabega ya Mama Nyoosha, ambayo kwa miezi miwili yalikuwa yamepanda masikioni, yalishuka yenyewe.

Ijumaa ile Fundi wa Mabango alikuja kwa miadi ya mwisho. Mkono wake ulifika usawa wa kichwa sasa, na alikuwa tayari ameahidi ukuta wa shule moja. Alitembea mbele ya zile karatasi sita ukutani, akisimama kwa kila moja. Kwenye ya tano akagonga kwa kidole.

"Kiwiko hiki kimekufa."

Mama Nyoosha akasogea akaangalia. Kilikuwa kimekufa kweli. Akaibandua karatasi, akavuta kiti karibu na dirisha, akashika kalamu, akamwomba mwenzake ainue mkono uliopona, auweke begani kama kwenye mchoro, na asiushushe kwa nusu dakika.